George Müller, Mtunza Mayatima wa Bristol

1. Mwana wa Mtoza Kodi

Katika mji mdogo wa Kroppenstedt, uliokuwa zamani katika ufalme wa Prussia na leo umo katika nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 27 Septemba 1805. Jina lake aliitwa George Müller. Baba yake alikuwa mtoza kodi wa serikali, na kwa sababu hiyo fedha za watu wengi zilipita mikononi mwake. Alitaka wanawe wajifunze mapema kutunza fedha, basi akawapa nyingi kuliko watoto wa umri wao walivyostahili kupewa. Lakini George hakujifunza kutunza. Alijifunza kutumia, na zilipokwisha alijifunza kuiba.

Kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuiba mara nyingi katika fedha za serikali zilizowekwa nyumbani. Baba yake akaona kwamba hesabu haitimii, akamtegea mtego. Siku moja alihesabu fedha kidogo, akaziacha chumbani, akatoka na kumwacha mtoto peke yake. Aliporudi fedha zilikuwa zimepungua. Akampekua, akazikuta ndani ya kiatu, chini ya unyayo wake. George aliadhibiwa, lakini hakuacha. Alitafuta tu werevu zaidi ili asionekane.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 mama yake alifariki usiku, na saa ile kijana alikuwa akicheza karata, bila kujua kwamba mama yake yu katika kukata roho. Muda si mrefu baada ya hayo ikafika siku ya kupokelewa kanisani kwa kuwekewa mikono. Baba yake alimpa ada ya kumpelekea mchungaji. George akampa mchungaji fungu moja tu katika mafungu kumi na mawili ya fedha ile, na mafungu kumi na moja akayafanya yake. Basi hata katika nyumba ya Mungu, jambo lake la kwanza katika fedha lilikuwa wizi. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana litamsaidia kuona ukubwa wa yale yaliyofuata.

Alipotimiza miaka 16 alisafiri toka mji hata mji, akilala katika nyumba za wageni na kuondoka bila kulipa. Mwisho alikamatwa, akatiwa gerezani katika mji wa Wolfenbüttel karibu mwezi mmoja, mpaka baba yake alipomlipia madeni yake.

2. Jioni Moja Mjini Halle

Mwaka 1825 George aliingia katika Chuo Kikuu cha Halle kujifunza elimu ya dini. Baba yake alitaka awe mchungaji, kwa kuwa wachungaji wa nchi ile walikuwa na mshahara mzuri na nyumba, naye mzee alitumaini kukaa kwa mwanawe siku za uzee. Kijana mwenyewe hakuwa na Biblia. Alikuwa na vitabu vingi, lakini Biblia hakuwa nayo.

Jioni ya Jumamosi moja, mwezi wa Novemba mwaka ule, rafiki yake mmoja aliyeitwa Beta alimwambia kwamba huenda katika nyumba ya mfanyabiashara jina lake Wagner, ambako watu husoma Biblia, huimba na kuomba. George akataka kwenda naye. Walipofika, mtu mmoja, Kayser, ambaye baadaye alikwenda Afrika kuwa mmisionari, alipiga magoti akaomba. George alikuwa hajapata kumwona mtu yeyote akipiga magoti kuomba, wala yeye mwenyewe hakuwa amefanya hivyo. Alistaajabu sana. Aliona kwamba yeye mwanachuo, aliyesoma sana, hawezi kuomba vizuri kama Wagner, mwenye nyumba, mtu asiye na elimu kubwa. Walipokuwa wakirudi alimwambia rafiki yake kwamba furaha zake zote za zamani si kitu mbele ya jioni ile.

Tangu siku hiyo mwendo wake ulianza kubadilika, si kwa mara moja, bali hatua kwa hatua. Mjini Halle alikaa kwa muda katika nyumba kubwa ya mayatima iliyojengwa zamani na mchungaji August Hermann Francke. Mtu huyo aliitunza nyumba ile kwa kumtegemea Mungu. George aliyatia hayo moyoni, ingawa hakujua bado yatamfaa nini.

3. Sanduku la Kanisani

Mwaka 1829 alikwenda London kujitayarisha kwa kazi ya kuhubiri. Huko aliugua sana, akapelekwa pwani ya Devon, mahali paitwapo Teignmouth, apate nafuu. Hapo alikutana na Henry Craik, mtu wa Scotland, aliyekuwa rafiki yake mpaka kufa. Kanisa dogo la Teignmouth lilimwita George awe mchungaji wake, kwa mshahara wa pauni 55 kwa mwaka. Tarehe 7 Oktoba 1830 akamwoa Mary Groves, mwanamke mwenye imani kama yake.

Mshahara ule ulitoka katika kodi ya viti. Siku zile katika makanisa mengi ya Uingereza watu walilipa kwa ajili ya viti vyao. Aliyelipa nyingi alikaa mbele, mahali pazuri, na aliyelipa kidogo alikaa nyuma au pembeni. Müller aliposoma Waraka wa Yakobo, unaokataza kumweka tajiri mahali pa heshima na kumsimamisha maskini, moyo wake ulimchoma. Tena aliona kwamba mtu anayelipa kwa sababu siku ya kodi imefika, huenda analipa kwa kinyongo, na Mungu hupenda yule atoaye kwa moyo wa kupenda.

Basi, mwezi ule ule wa Oktoba aliwaambia watu kwamba hatapokea tena mshahara, na viti vyote vitakuwa bure. Sanduku liliwekwa kanisani, na mtu yeyote aliyependa kumsaidia mchungaji aliweza kutia humo alichotaka, kikubwa au kidogo, pasipo kuonekana. Yeye na mkewe waliahidiana kutomwambia mtu haja zao, bali kumwambia Mungu peke yake.

Ahadi hiyo ilijaribiwa upesi. Katikati ya mwezi wa Novemba ilikuwa imebaki kama shilingi nane tu nyumbani. Asubuhi waliomba pamoja. Saa chache baadaye Müller alikuwa katika kijiji cha jirani, na mama mmoja wa kanisa akamwuliza kama ana haja ya fedha. Hapo ingalikuwa rahisi kusema ndiyo. Yeye akajibu kwamba aliwaambia ndugu alipoacha mshahara kuwa haja zake atamwambia Bwana peke yake. Yule mama akasema kwamba tangu majuma mawili moyo wake umekuwa ukimwambia ampelekee kitu, akampa gini mbili, yaani shilingi 42. Müller alifurahi sana kwa sababu alikuwa amezipata bila kuvunja neno lake.

Mwaka 1832 yeye na Craik walihamia Bristol, mji mkubwa wa bandari. Tarehe 13 Agosti, katika jengo liitwalo Bethesda, walianza kanisa lenye watu saba tu: wachungaji wawili, ndugu mmoja, na akina mama wanne. Humo pia viti havikukodishwa, na sadaka ilikuwa ya hiari. Mwaka ule ule ugonjwa wa kipindupindu uliingia mjini, na watu wengi walikufa. Wachungaji wale wawili hawakukimbia. Waliwazuru wagonjwa mchana na usiku, na kila siku alfajiri walikutana na watu kuomba. Katika siku hizo za hofu mkewe Müller alijifungua binti, wakamwita Lydia. Lakini mtoto wao mwanamume, Elijah, alifariki mwaka 1835 akiwa mdogo sana.

4. Kwa Nini Alijenga Nyumba ya Mayatima

Bristol ilijaa watoto maskini. Wengi walikuwa wamefiwa na baba na mama kwa kipindupindu na magonjwa mengine, wakazunguka barabarani au wakapelekwa katika nyumba za maskini za serikali, mahali pa taabu. Müller aliwahurumia. Lakini alikuwa na sababu ya pili, na mwenyewe alisema kwamba ndiyo kubwa zaidi.

Alipokuwa akiwatembelea watu wa kanisa lake, alimkuta fundi mmoja aliyefanya kazi saa 14 hata 16 kila siku, hata mwili wake ukachakaa na roho yake ikakauka. Müller alipomshauri apunguze kazi ili apate nafasi ya kusoma na kuomba, alijibu kwamba akipunguza kazi watoto wake watakosa chakula. Wazee nao waliogopa kuishia katika nyumba za maskini. Wafanyabiashara walidhani kwamba mtu mwaminifu hawezi kufanikiwa. Müller aliona kwamba watu hawa huimba juu ya Mungu siku ya Jumapili, bali siku nyingine sita hawamtumaini. Akatamani kuwaonyesha jambo ambalo macho yao yataliona: nyumba ya watoto maskini, wanaolishwa na kuvikwa, na wasimamizi wake hawaombi msaada kwa mtu awaye yote ila kwa Mungu tu.

Mwezi wa Desemba 1835 aliwakusanya watu, akawaeleza shauri lake. Hakuchangisha sadaka katika mkutano ule. Ulipokwisha mtu mmoja alimpa shilingi 10, na mwanamke mmoja alijitoa kufanya kazi bila mshahara. Siku zilizofuata vitu vilianza kufika. Mtu mmoja alileta sinia 3, sahani 28, mabakuli 3, jagi 1, vikombe 4, vyombo 3 vya chumvi, kikwaruzo 1, visu 4 na nyuma 5. Müller aliandika vyote kitabuni, hata kile kikwaruzo. Yule aliyeficha fedha ya baba yake kiatuni sasa alitoa hesabu ya uma na kisu.

5. Pauni Mia za Mshonaji

Katika watoaji wa siku zile za kwanza, mmoja anastahili kukumbukwa kuliko wote. Alikuwa mwanamke mshonaji, mwenye afya dhaifu. Kwa kushona alipata kama shilingi 3 na peni 6 kwa juma. Siku moja zilifika habari kwa Müller kwamba mwanamke huyu anataka kutoa pauni 100 kwa ajili ya mayatima. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Basi fedha ile ilikuwa sawasawa na mshahara wake wa karibu miaka 11.

Müller hakushangilia, bali aliogopa. Alidhani labda mwanamke huyu ametoa kwa msisimko wa moyo, na kesho atajuta. Akamwita, akakaa naye, akamwuliza habari zote. Ndipo alipojua kwamba mwanamke huyu amepata urithi wa kama pauni 480 kutoka kwa nyanya yake. Baba yake alikuwa mlevi, akafa na kuacha madeni. Ndugu zake walipatana na wadai kuwalipa shilingi 5 tu kwa kila pauni, nao wadai wakakubali, kwa kuwa sheria haikuwalazimisha watoto kulipa. Lakini yeye aliona aibu. Akaenda kwa siri kwa kila mdai, akalipa shilingi 15 zilizobaki katika kila pauni. Kisha ndugu zake walimpa mama yao pauni 50 kila mmoja. Yeye akampa 100. Alipokwisha kulipa madeni na kumtunza mama yake, ndipo alipowakumbuka mayatima.

Müller alimshauri ahesabu gharama na kufikiri tena. Mwanamke akajibu kwa utulivu kwamba Bwana Yesu alimwaga damu yake yote kwa ajili yake, naye atakosaje kumpa fedha hizi? Akaongeza pauni 5 kwa ajili ya maskini wa kanisa. Basi Müller akapokea. Mwanamke huyu aliendelea kushona kama zamani na kuishi kwa uchache mpaka kufa kwake, wala hakutaka jina lake litangazwe.

Tazameni mpango wa kutoa kwake. Kwanza alilipa deni, pili alimtunza mzazi, tatu alitoa sadaka. Müller alishika njia hiyo hiyo maisha yake yote. Hakupenda kupokea sadaka ya mtu mwenye deni, kwa maana fedha ya namna hiyo ni mali ya mdai.

6. Siku Asipokuja Hata Mtoto Mmoja

Nyumba ilikodishwa katika Mtaa wa Wilson, fedha zilikuwapo, na watumishi walikuwapo. Tarehe 3 Februari 1836 ilitangazwa kuwa siku ya kuandika majina ya mayatima. Müller akaketi katika chumba kidogo cha kanisa saa mbili nzima, akingoja. Hakuja mtu. Akarudi nyumbani kwa miguu, moyo ukiwa mzito. Njiani alikumbuka ya kwamba aliomba nyumba, aliomba fedha, aliomba watumishi, aliomba hata vyombo. Lakini hakuomba watoto, kwa sababu alidhani watoto wapo wengi, watakuja wenyewe. Jioni ile alijinyenyekeza, akaomba. Kesho yake mtoto wa kwanza akaletewa habari, na kabla ya mwezi kupita walikuwa wameombewa nafasi watoto zaidi ya 40. Nyumba ilifunguliwa tarehe 11 Aprili 1836 kwa wasichana. Baadaye ziliongezwa nyumba nyingine tatu katika mtaa ule ule.

Msomaji asidhani kwamba tangu hapo fedha zilimiminika kama mvua. Kuanzia mwaka 1838 ilikuja miaka ya upungufu. Mara nyingi asubuhi hapakuwa na fedha ya maziwa ya jioni. Sheria ya nyumba ilikuwa kutokopa kabisa: kisichoweza kulipwa leo hakinunuliwi leo. Watumishi walikutana kuomba, na kila mmoja aliangalia kwanza alicho nacho yeye mwenyewe. Wengine waliuza vitabu vyao na vitu vyao. Müller alifundisha kwamba si haki mtu kumwomba Mungu atoe, na huku mwenyewe ameshika shilingi mfukoni.

Tarehe 18 Septemba 1838 hali ilikuwa mbaya sana. Mchana ule alifika mwanamke mmoja, akatoa kiasi cha fedha alichopewa na binti yake huko karibu na London awaletee mayatima. Walipomwuliza, waligundua kwamba yuko Bristol tangu siku nne au tano, na amepanga chumba karibu kabisa na nyumba ya wavulana. Siku zote zile walipokuwa wakiomba kwa machozi, msaada ulikuwa kando ya ukuta wao. Walikutana tena, safari hii kushukuru.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi yao: palipokuwa na maombi ya haja, palikuwa na maombi ya shukrani. Kila aliyetoa alipewa hati, na kila mwaka Müller alipiga chapa taarifa ya hesabu yote, iliyokaguliwa na watu wengine. Humo peni ya mtoto iliandikwa kama pauni ya tajiri. Mwisho wa mwaka 1841 wakati wa kutoa taarifa ulifika nao wamo katika shida kubwa. Müller akaahirisha mkutano na taarifa kwa miezi kadhaa. Alisema kwamba kama akiwaambia watu sasa jinsi walivyo na upungufu, itakuwa sawa na kuomba.

7. Kilima cha Ashley Down

Mwaka 1845 jirani mmoja wa Mtaa wa Wilson alimwandikia barua ya heshima, akieleza kwamba kelele za watoto na uchafu wa maji zinawasumbua wakaao mtaani. Müller hakukasirika. Alipima maneno yale akaona yana haki. Tena watoto wenyewe walihitaji hewa safi na mashamba. Akaazimia kujenga nje ya mji.

Shamba lilipatikana juu ya kilima cha Ashley Down. Bei yake ilikuwa pauni 200 kwa eka. Müller alimwendea mwenye shamba nyumbani asimkute. Akaenda penye kazi yake asimkute. Hakumfuata zaidi siku ile. Kesho yake alipomwona, mwenye shamba alimwambia kwamba usiku ule hakupata usingizi tangu saa tisa mpaka saa kumi na moja alfajiri, na muda wote alifikiri juu ya shamba lile, akakata shauri kuwauzia mayatima kwa pauni 120 tu.

Nyumba ya kwanza ilifunguliwa tarehe 18 Juni 1849 kwa watoto 300. Nyumba ya pili ilifunguliwa mwaka 1857, ya tatu 1862, ya nne 1868, na ya tano 1870. Zote pamoja ziliweza kukaa watoto 2,050. Wasichana walifundishwa kazi za nyumba na kushona, na wavulana walipelekwa kwa mafundi wapate kujifunza kazi. Watu wengine wa siku zile walinung'unika kwamba Müller anawasomesha maskini kupita kiasi, na viwanda vitakosa watoto wa kuajiri. Hakuwajali. Mayatima wengi walipopata kazi walituma sehemu ya mishahara yao ya kwanza, ili watoto waliofuata wapate kula kama walivyokula wao.

8. Upepo wa Kusini

Mwisho wa Novemba 1857 iligunduliwa kwamba pipa kubwa la chuma lililochemsha maji ya kupasha moto nyumba ya kwanza linavuja. Pipa hilo lilikuwa limejengewa kwa matofali, na kulitengeneza ilibidi kuzima moto na kubomoa ukuta. Katika majira yale ya baridi kali ya Ulaya, watoto wadogo wangeweza kuugua, hata kufa. Müller alipanga mafundi waje siku ya Jumatano. Mara upepo wa kaskazini ukaanza kuvuma, nao huleta baridi kali. Aliomba mambo mawili: upepo ugeuke utoke kusini, na mafundi wapewe moyo wa kufanya kazi, kama watu wa Nehemia walivyojenga ukuta wa Yerusalemu.

Jumanne jioni upepo wa kaskazini ulikuwa ungali ukivuma. Jumatano ulivuma upepo wa kusini, na hewa ikawa ya vuguvugu hata hapakuwa na haja ya moto. Mafundi wakabomoa, wakapata tundu upesi. Usiku msimamizi wao alisema kwamba watafanya kazi mpaka usiku mwingi na kurudi mapema. Lakini mafundi wenyewe wakajibu kuwa ni afadhali wafanye kazi usiku kucha. Kabla ya kupita saa 30 moto ulikuwa umewashwa tena, na muda huo wote upepo haukugeuka.

9. Mwisho Wake

Mkewe Mary alifariki tarehe 6 Februari 1870, baada ya kufanya naye kazi miaka 39. Müller mwenyewe alihubiri mahubiri ya maziko yake, akamshukuru Mungu kwa kumpa mke huyo, na kwa kumwacha naye muda mrefu namna ile. Si kwamba hakuwa na huzuni. Lakini shukrani aliyoizoea siku za furaha haikumwacha siku ya msiba.

Baadaye aliwaachia wengine usimamizi wa kila siku, na tangu 1875 hata 1892 alisafiri katika nchi 42 akihubiri, mpaka India, China, Japani na Australia. Alirudi Bristol akiwa mzee sana. Jioni ya tarehe 9 Machi 1898 aliongoza maombi kama kawaida. Asubuhi ya tarehe 10 alikutwa amekufa chumbani mwake, naye ana umri wa miaka 92. Maelfu ya watu walisimama barabarani alipochukuliwa kwenda kuzikwa.

Ndipo hesabu zake zilipofunguliwa. Katika maisha yake zaidi ya pauni milioni 1 zilipita mikononi mwake, na mayatima zaidi ya 10,000 walikuwa wametunzwa. Ilionekana pia kwamba mtu mmoja, ambaye jina lake halikuandikwa katika taarifa, alikuwa ametoa kwa miaka mingi jumla ya zaidi ya pauni 80,000. Mtu huyo alikuwa Müller mwenyewe. Alizitoa katika zawadi alizoletewa yeye kwa matumizi yake. Mali aliyoiacha, pamoja na vyombo vya nyumba, haikufika pauni 200.

Nyumba zile za Ashley Down ziliuzwa mwaka 1958, kwa kuwa watu waliona ni heri watoto walelewe katika nyumba ndogo kama jamaa moja. Mawe yalibadili wenyewe, na hilo si neno. Kazi yake haikuwa mawe.

Ninyi vijana, sadaka inapopitishwa kanisani kwenu, huenda mnaona senti chache, mayai katika kikapu, kuku aliyefungwa miguu, au kibaba cha mahindi ya mavuno mapya. Msivihesabu kuwa vitu vidogo. Mbele ya sadaka wako watu wawili: yule atoaye na yule atunzaye. Atoaye na atoe kwa shukrani, baada ya kulipa deni lake na kumkumbuka mzazi wake, kama alivyofanya mshonaji wa Bristol. Atunzaye na atunze kwa hofu ya Mungu, akiandika hata kikwaruzo kimoja. Na ikiwa yuko kati yenu aliyewahi kuficha kitu kisicho chake, asikate tamaa. Mtoto aliyekutwa na fedha ya serikali kiatuni ndiye aliyekuja kuaminiwa na maskini na matajiri wa nchi nyingi, wala hawakupungukiwa na peni moja mkononi mwake.